Mpiga kinanda naye akasome kwa mpiga ngoma

Mwaka 1957 kijana wa Lagos aitwaye Akin Euba alirudi kwao kutoka London na diploma mbili za daraja la juu za Trinity College of Music: moja ya kupiga piano, nyingine ya kutunga muziki. Alikuwa na miaka 22. Wakati ule, na hata leo kwa wengi wetu, mtu wa namna hiyo alihesabiwa kuwa amehitimu. Kilichobaki ni kupanda jukwaani, kupiga Chopin na Beethoven, na kufundisha wengine kama alivyofundishwa yeye. Euba hakuishia hapo. Alikwenda kuwa mwanafunzi wa dundun, ngoma ya Wayoruba, ambayo mabingwa wake hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kilimpa shahada ya uzamivu kwa utafiti wake juu ya ngoma hiyohiyo.

Naamini ni masomo hayo ya pili yaliyomfanya mtunzi. Na naamini sisi tunaofundisha piano huku Afrika Mashariki tunawanyima watoto masomo hayo, kwa sababu mitihani yetu, vyuo vyetu na desturi zetu zinakomea pale alipokuwa Euba mwaka 1957.

Nasema haya nikiwa mwalimu wa kinanda hapa Dodoma. Jumapili napiga kanisani, siku za juma nafundisha watoto nyumbani kwangu, na jioni nasimamia kwaya. Mama yangu alikuwa mpiga muheme. Wasioujua muziki wa Wagogo niwaeleze: muheme ni ngoma ya wanawake. Mpigaji husimama, akaibana ngoma katikati ya mapaja, akaipiga kwa viganja huku wenzake wakiimba na kucheza. Mama hakuwahi kuona noti. Lakini aliweza kushika mdundo wake peke yake wakati wanawake wengine wamemzunguka na midundo tofauti kabisa, asiyumbe hata kidogo. Sijamwona mwanafunzi wa gredi ya nane wa piano anayeweza jambo hilo.

Tuanze na alichokifuata Euba kwenye dundun. Kiyoruba ni lugha ya toni. Silabi zilezile zikitamkwa kwa sauti ya juu, ya kati au ya chini, zinakuwa neno jingine. Dundun ina kiuno chembamba na kamba za ngozi kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mpigaji akizikaza kamba, sauti hupanda, akizilegeza, hushuka. Kwa njia hiyo ngoma hufuata mwinuko wa maneno, na msikilizaji anayeijua lugha husikia jina lake, sifa za ukoo wake, salamu au onyo. Iyaalu, ngoma kuu, ndiyo inayosema. Nyingine zinashikilia midundo ya kujirudia chini yake, kila moja na wake, na ukamilifu wa muziki unapatikana pale midundo hiyo inapokutana. Euba aliyachunguza hayo kwa miaka, na mwaka 1990 akachapisha kitabu chake juu ya dundun, ambacho mpaka leo ni cha kutegemewa na wanaosoma muziki wa Wayoruba.

Sasa mtu aliyekwisha kuielewa ngoma hiyo anarudi kwenye piano. Anaona nini? Euba aliona jambo lililo mbele ya macho ya kila mpiga piano: hiki ni chombo cha kugonga. Ukibonyeza ufunguo, nyundo ndogo inapiga waya. Kwa hiyo piano ina undugu zaidi na marimba na ngoma zetu kuliko ilio nao na zeze linalosuguliwa kwa upinde. Kutoka hapo akajenga nadharia yake ya mtindo wa Kiafrika wa kupiga piano: mafungu mafupi ya muziki yanayorudiwarudiwa, midundo na miinuko ya sauti iliyotokana na vyombo vya Kiafrika, nyimbo za asili zinazochukuliwa kama zilivyo, na mkono unaoigonga piano mpaka ifanye kazi ya ngoma.

Alikuwa anayaeleza aliyokwisha kuyatunga. Mwaka 1964 alitunga vipande vyake vya Oyo Calabashes, na mwaka huohuo kipande kinachokumbuka Jumamosi usiku katika klabu ya dansi ya Caban Bamboo mjini Lagos. Mwaka 1970 akaandika Scenes from Traditional Life. Humo alichukua mbinu ya Ulaya ya karne ya 20, ile ya kuzipanga sauti zote 12 za piano bila kuifanya mojawapo kuwa makao, akaiunganisha na mpangilio wa midundo aliousoma kwa Wayoruba.

Noti za kazi hiyo nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma Ujerumani. Nilipozifungua juu ya kinanda changu nilianza na mkono wa kushoto peke yake, kama ninavyowafundisha watoto. Haikusaidia. Nikajaribu wa kulia peke yake, nayo ikawa vilevile. Kila mkono ukiwa peke yake unaonekana kama umekosa jambo la kusema. Ni mpaka mikono yote miwili iingie, kila mmoja ukishika wa kwake bila kumsubiri mwenzake, ndipo muziki unatoka. Nikamkumbuka mama na wenzake. Mtoto aliyelelewa kwenye muheme angeielewa kazi hii kabla hajamaliza kuisoma, mradi mtu mmoja tu awe amemwambia kwamba alichokisikia kwa bibi yake kinahusika na kinanda.

Hakuna anayewaambia. Hilo ndilo lalamiko langu.

Angalieni wanachopiga watoto wetu. Wanafunzi wangu wanajiandaa kwa mitihani ya gredi inayotoka London, na karibu kila mwaka mmoja wao hupiga kipande cha Béla Bartók. Bartók alikuwa Mhungaria, mpiga piano mahiri, mtunzi, na tangu 1907 profesa wa piano katika chuo cha muziki cha Budapest. Pamoja na uprofesa wake alitembea vijijini na mashine ya kunasia sauti, akaziandika nyimbo za wakulima, kisha akazitungia vipande vya watoto wanaoanza. Baadaye alitoa Mikrokosmos, vipande 153 katika vitabu 6, vinavyomchukua mwanafunzi kutoka kidole cha kwanza hadi ufundi wa hali ya juu. Kwa sababu ya kazi hiyo, mtoto wa miaka tisa hapa Dodoma anaujua kwa vidole vyake wimbo wa wakulima wa Hungaria au Slovakia. Wimbo ambao bibi yake mzaa mama aliuimba Mpwapwa haujui, maana hakuna aliyeuandika kwa ajili ya piano.

Simlaumu Bartók. Namheshimu na nitaendelea kumfundisha. Ninachouliza ni kwa nini tumechukua vipande vyake tukaiacha njia aliyovipatia. Yeye hakungoja mtu wa London aje Budapest kumwandikia nyimbo za kwao. Euba naye hakungoja. J. H. Kwabena Nketia, msomi mkubwa wa Ghana aliyekuwa mwalimu wa Euba, alichapisha mwaka 1994 mkusanyo wa vipande 12 vya kufundishia piano kwa mtindo huohuo wa Kiafrika. Wote watatu walikuwa maprofesa, na wote waliona kwamba kazi ya profesa ni pamoja na kuuleta muziki wa kwao kwenye piano.

Maisha ya Euba yanaonyesha pia kwamba kazi hii haifanyiki kwa kipaji peke yake. Baba yake alipenda muziki na ndiye aliyemwanzisha kwenye piano. Aliporudi kutoka London alifanya kazi katika Shirika la Utangazaji la Nigeria na akaongoza idara ya muziki, akiwa mahali ambapo sauti za nchi nzima zinapita. Akaenda Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa ufadhili, akachukua shahada mbili. Miongoni mwa walimu wake huko alikuwemo Nketia, na pia Klaus Wachsmann, ambaye kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda mjini Kampala na alirekodi muziki wa makabila mengi ya nchi hiyo. Kwa hiyo elimu iliyomjenga Euba ilipita pia katika vijiji vya Uganda, kwa mikono ya wapiga ngoma na wapiga marimba ya amadinda ambao Wachsmann aliwasikiliza.

Baadaye alifundisha na kufanya utafiti katika vyuo vikuu vya Ife na Lagos, akawa mtafiti Bayreuth nchini Ujerumani, na mwaka 1993 akapewa kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, alikokaa mpaka alipostaafu 2011. Opera yake Chaka, aliyoitunga 1970 kutokana na shairi la Léopold Sédar Senghor, rais wa kwanza wa Senegal, inaweka ngoma za Afrika Magharibi na filimbi za mwanzi za Ghana pamoja na ala za Ulaya. Mtunzi mwenzake wa Nigeria, Joshua Uzoigwe, alimwandikia kitabu kizima mwaka 1992, wakati Euba mwenyewe bado yuko kazini. Alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 84.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Euba alicheza kwao maisha yake yote, lakini kiti chake cha mwisho alikipata ng'ambo. Linaniuma hilo, na linatuhusu. Nchi isiyomlipa mtu wa aina hii isishangae ikimkosa.

Najua nitakayoambiwa. La kwanza ni kwamba piano ni chombo cha wageni, tuiache, turudi kwenye ngoma zetu. Wanaosema hivyo waje kanisani kwetu Jumapili wahesabu vinanda, kisha waende kwenye sherehe za harusi, studio na kumbi za dansi. Kinanda kimekaa hapa zaidi ya miaka mia. Vijana wetu wanakipenda na wanakiendea wenyewe. Swali lililobaki ni watakifanyia nini. Mwarabu alikuja pwani na ala za udi na kanuni, na watu wa Unguja hawakuziacha zibaki za wageni. Wakazitia ndani ya taarabu yao na leo hakuna anayeuliza taarabu ni ya nani.

La pili ni kwamba muziki wa asili ukiuandika kwa noti unauharibu. Hapa kuna ukweli, nami sitaki kuupita. Ilimba, chombo cha Wagogo cha vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ina sauti ambayo piano haina: inaangukia chini kidogo ya ufunguo ulio karibu nayo, na ukibonyeza ufunguo huo mzee wa ilimba atakunja uso. Dundun nayo huteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine, jambo ambalo piano hailiwezi kabisa. Euba alilijua hilo. Ndiyo maana hakuigeuza piano kuwa kopi mbovu ya dundun. Alichukua kile ambacho piano inakiweza, yaani mdundo juu ya mdundo, kurudia, nguvu ya kugonga na umbo la usemi, akaacha kisichowezekana kibaki kwa wenyewe. Mtu hawezi kufanya uchaguzi huo bila kuvijua vyombo vyote viwili. Mwanafunzi asiyewahi kukaa na ilimba hata hajui kuna sauti anayoikosa.

La tatu nalisikia kwa baadhi ya wazee wa kanisa: ngoma na ibada wapi na wapi. Kwao natoa jibu fupi. Padre Stephen Mbunga wa hapa kwetu Tanzania alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa, akionyesha kwamba Mungu anaweza kusifiwa kwa muziki wa Kiafrika. Na nje ya kanisa, Kenya ilipotaka wimbo wa taifa, tume ya wanamuziki watano, wakiwemo Washington Omondi na George Senoga-Zake, iliuchukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto na kuupangia sauti. Hakuna Mkenya anayesimama kuuimba kwa aibu. Wanamuziki wale walijua noti, na pia walijua pa kwenda kusikiliza.

Mwaka jana nilimpeleka mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 14, kwa mzee mpiga ilimba aliye upande wa Chamwino. Binti alipiga goti, akamwamkia: "Shikamoo, babu." Mzee akaitika, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kupiga. Binti ana masikio mazuri, na nilimwona midomo ikihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kila alipofika nne, mzee alikuwa ameshapita. Mzee naye alimwona. Akasimamisha vidole, akamwambia: "Mjukuu wangu, usihesabu. Tazama mguu wa anayecheza." Akamwita kijana wa nyumbani acheze na njuga miguuni. Haikuchukua muda binti akaanza kupiga makofi mahali panapotakiwa. Wiki iliyofuata alipiga kipande chake cha mtihani, cha Mzungu kabisa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuusikia. Hapo hakupoteza chochote cha piano yake. Aliongezewa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza linawahusu walimu wenzangu na vyuo. Mwanafunzi yeyote wa piano anayefikia daraja la kati asipewe cheti cha ndani cha chuo au shule mpaka awe amesoma kwa msimu mzima chini ya fundi wa chombo cha asili cha mahali alipo: muheme au ilimba hapa kwetu, marimba kwa wengine, msondo na kidumbaki kule pwani. Ajifunze kukipiga, si kukitazama. Mwishoni aandike kwa noti alichofundishwa, na fundi mwenyewe asikilize na kusema kama ni hicho.

La pili linawahusu wenye fedha na maamuzi. Fundi huyo alipwe kama mwalimu. Tunao mfano wetu. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeubeba muziki wa ilimba na zeze hadi kumbi za Ulaya, alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Alikuwa darasani kwa haki yake. Lakini alifariki mwaka 2003, na katika vyuo vingi vinavyofundisha piano mzee wa namna yake akija huitwa mgeni wa siku, hupewa soda na nauli, na jina lake haliandikwi popote. Euba alipewa shahada ya uzamivu kwa kuijua dundun. Aliyemfundisha dundun hakustahili kukosa ujira.

La tatu ni vitabu. Tunahitaji kitabu cha kwanza cha piano kwa mtoto wa Kiswahili, chenye nyimbo za Wagogo, Wapokomo, Wanyamwezi, Waswahili wa pwani na wengine, zilizoandikwa na watunzi wetu kwa ruhusa na kwa majina ya waliozitoa, kikianzia kidole kimoja na kupanda taratibu. Watunzi wapo. Wengi wao wana kazi ndani ya madaftari ya kwaya, zimeandikwa kwa solfa na kalamu ya risasi, na zitaliwa na mchwa wao wakifa. Wizara, makanisa, misikiti yenye vyama vya kasida, na vyuo vikuu wakichangia, gharama ya kitabu kama hicho ni ndogo kuliko ya jukwaa la tamasha la usiku mmoja.

Nawageukia wazazi, maana ninyi ndio mnaolipa. Mnapenda kumwona mtoto kwenye piano, mnampiga picha, mnawatumia ndugu. Ni furaha halali, nami naishiriki. Lakini mkija kwa mwalimu wake mwezi ujao, msiishie kuuliza amefika gredi ya ngapi. Muulizeni pia ni mzee gani anayemfundisha ngoma. Kama hakuna, basi mtafuteni ninyi wenyewe kijijini kwenu, mpelekeeni mtoto wakati wa likizo, na mlipeni mzee huyo sawasawa na mnavyonilipa mimi.